Jezi Mpya Zisitufumbe Macho

Wazazi wenzangu wa Griftu, na nyinyi wa Wajir, Mandera na Garissa: mwaka wa fedha wa vyuo vikuu vya umma huanza 1 Julai. Baraza la chuo likishapitisha bajeti, imetoka hiyo, na sisi tutabaki kulipa karo. Ndiyo maana naandika mapema, kabla michezo haijatengewa fungu lake.

Naibu chansela mpya anapoingia chuoni, kazi yake ya kwanza kuonekana huwa ni michezo. Madeni hayapigwi picha. Makato ya pensheni ya wahadhiri ambayo hayajawasilishwa hayapigwi picha. Lakini kombe jipya, jezi zenye nembo na basi lililopakwa rangi tunavipata kwenye simu kabla ya magharibi, na papo hapo tunasema tumepata mchapakazi. Muhula wake ni wa miaka 5. Sisi tumeshampitisha kwa wiki moja.

Hofu yangu ina historia. Katika chuo nilichosomea, karatasi ya karo ilikuwa na mstari wa michezo. Marehemu baba aliuza mbuzi ili kila mstari wa karatasi ile ulipwe, na ulilipwa. Mwaka mzima sisi wasichana tulikuwa na mpira mmoja wa voliboli, umeshonwa pembeni kwa kamba ya kiatu. Wavu tuliufunga kwenye mgunga upande mmoja, na upande wa pili kwenye nguzo ya stima. Timu ya wavulana ilisafiri mara moja kwenda mashindano ya mbali, na maafisa walioandamana nayo walikuwa wengi kuliko wachezaji. Hatukuuliza. Hakuna aliyetufundisha kwamba ile ilikuwa pesa yetu.

Wala sisemi michezo ifutwe. Abdi Bile alianza kwa kucheza mpira kwao Somalia, mbio zikampeleka George Mason University kule Virginia, na mwaka 1987 akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 1500 mjini Roma. Watoto wetu wana miguu hiyo hiyo. Na Chuo Kikuu cha Garissa, chuo kilichopoteza watu 148 katika shambulio la kigaidi la tarehe 2 Aprili 2015 kisha kikafungua tena milango Januari 2016, kina haki ya jioni zenye kelele za mpira kuliko chuo kingine chochote nchini. Kiongozi atakayeogopa madeni akafyeka michezo yote atakuwa amekosea vilevile, na nina hakika wa kwanza kufyekwa watakuwa wasichana.

Tatizo ni mfuko pesa inamotoka. Tangu 1 Julai 2025 vyuo vikubwa vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya pesa hizo hutoka kwa televisheni zinazonunua haki za mechi zao. Hata huko, vyuo vingi vidogo hufidia pengo la michezo kwa ada za wanafunzi. Kwetu Kenya hakuna televisheni inayonunua mechi za vyuo kwa fedha za aina hiyo. Ni mzazi, basari na Hazina, na Hazina yenyewe tunaijua: mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoilea Garissa kama chuo kishiriki tangu 2011, kilifungwa Oktoba 2024 katikati ya mgomo. Kiongozi anayezindua uwanja huku mishahara imekwama anatumia pesa ya mtu mwingine.

Basi tusimpime kwa makofi ya siku ya uzinduzi. Tuombe kuona, katika fungu la michezo, safari na marupurupu vimechukua kiasi gani, na mipira, nyavu na maji ya kunywa vimebakishiwa nini. Akitangaza uwanja wa nyasi, aulizwe bili ya maji, kwa sababu nyasi chini ya jua la Garissa hunywa kila siku, na kandarasi ikiisha mnyweshaji ni chuo. Mchanga uliosawazishwa vizuri ungewatosha vijana wengi zaidi. Aulizwe pia kama kuna kiwanja chenye ukuta ambapo binti wa Griftu anaweza kucheza baada ya alasiri bila kutazamwa na barabara nzima. Baba wengi hapa wangeruhusu, kama ukuta huo ungekuwepo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziko wazi kwa kila raia. Walimu wetu wazisome na kutufafanulia barazani.

Na kabla ya hayo yote, jioni hii, mpigie simu mwanao aliye chuoni. Usimuulize timu imeshinda mechi ngapi. Muulize amegusa mpira lini mara ya mwisho, na ufunguo wa stoo ya mipira anao nani.