Nyumba Ikipata Dharura, Yaya Alale Wapi?

Kanuni za Ujerumani kuhusu kijana anayekwenda kuishi na familia kama au pair ni za kina kiasi cha kumfurahisha mwanasheria yeyote. Umri wake uwe kati ya miaka 18 na 26. Akae kwa muda usiozidi miezi 12. Kazi ya kulea watoto na shughuli nyepesi za nyumbani isizidi saa 30 kwa wiki. Apewe posho ya euro 280 kwa mwezi, chakula, bima, na chumba chake mwenyewe kisichopungua mita za mraba 8, chenye dirisha na chenye kupashwa joto wakati wa baridi. Hata ukubwa wa chumba umepimwa. Kisichopimwa ni usiku ambao chumba hicho hakipo: bomba limepasuka na sakafu imejaa maji, moto umezuka jikoni, mama wa nyumba amelazwa ghafla na bibi amehamia kuangalia wajukuu, au wenye nyumba wameamua kuachana na nyumba yenyewe inauzwa. Usiku huo kijana alale wapi?

Swali hili linatuhusu. Vijana wa Afrika Mashariki, hasa wa Kenya, wamekuwa wakienda Ujerumani kwa njia hii, na wapo wanafunzi ambao wameniletea mikataba yao niisome kabla ya kuitia saini. Huuliza juu ya posho, siku za mapumziko, kozi ya lugha, na kama inawezekana kubaki baada ya mwaka kwisha. Sijapata kusikia hata mmoja akiuliza juu ya nyumba yenyewe. Nyumba ya mwenyeji huchukuliwa kama mlima: ilikuwepo, ipo, itakuwepo.

Baraza la Ulaya lilipoandaa mkataba kuhusu au pair mjini Strasbourg mwaka 1969, liliona mbali katika jambo moja. Mkataba ule unasema kwamba kijana akiugua, familia iliyompokea iendelee kumpa malazi, chakula na matunzo hadi mpango mwingine upatikane. Ni kifungu cha kiutu. Lakini walioandika walimfikiria kijana mgonjwa ndani ya nyumba nzima. Hawakuifikiria nyumba iliyoanguka ikiwa na kijana mzima ndani yake. Tena mkataba huo huo unauruhusu upande wowote kuvunja makubaliano papo hapo, bila ilani ya wiki mbili, endapo kuna kosa kubwa au hali nyingine nzito inayolazimisha hivyo. Nchi zilizouridhia hazikuwa nyingi, ila mantiki yake imeenea hata nje ya nchi hizo: wiki mbili kwa kawaida, na papo hapo panapokuwa na sababu nzito.

Sasa tazama matokeo yake. Moto ni hali nzito. Kiharusi ni hali nzito. Kwa hiyo siku ambayo kijana anahitaji kulindwa kuliko siku zote ndiyo siku ambayo mwenyeji wake ana sababu nzuri kuliko zote za kumwambia afungashe. Hajakosea lolote, na bado analala pale pale ambapo angelala kama angekuwa ameiba.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba familia yenye msiba au mgonjwa inastahili huruma, na kwamba hakuna mtu anayewiwa ukarimu asioweza kuutoa. Jibu hili lina nguvu ikiwa tu kitanda cha au pair ni ukarimu. Je, ni ukarimu? Nchini Marekani hesabu yenyewe inajibu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho tangu mwaka 2009 ni dola 7.25 kwa saa. Au pair huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 45 kwa wiki. Zidisha, utapata dola 326.25. Kisha asilimia 40 huondolewa kwa ajili ya chumba na chakula, na kinachobaki ni dola 195.75, ambacho ndicho kiwango cha chini cha posho ya wiki kilichozoeleka katika mikataba ya huko. Maana yake ni kwamba kijana huyo hulipa dola 130.50 kila wiki kwa ajili ya kulala na kula. Fedha hizo hazipiti mkononi mwake, wala hapewi risiti, lakini amelipa. Ujerumani hawaandiki hesabu hiyo kwa uwazi namna hii, ila hakuna mtu mwenye akili timamu anayeamini kwamba euro 280 kwa mwezi ndiyo thamani yote ya saa 30 za kila wiki. Sehemu kubwa ya malipo ni ile godoro na ile sahani.

Kwa maneno mengine, tunayemzungumzia ni mpangaji aliyelipa kodi kabla hajaiona fedha yake. Mpangaji wa namna hiyo nyumba ikiungua hatuulizi kama mwenye nyumba ana moyo mwema. Tunauliza deni litalipwaje.

Neno lenyewe limesaidia kulificha deni hili. Kifaransa chake kinamaanisha kuwa sawa, au kwa usawa: kijana aingie nyumbani kama mmoja wa wanafamilia, si mtumishi. (Mswahili akiliona limeandikwa hushawishika kulisoma kwa lugha yake, na hapo hupata swali badala ya jibu: ndugu, au mtumishi?) Siku za kawaida utata huo humfaa kila mtu. Mwenyeji hupata mlezi kwa bei ambayo hakuna mlezi wa kuajiriwa angeikubali, na kijana hupata meza ya kulia pamoja na watoto wanaomwita kwa jina. Dharura ndiyo inayolazimisha kuchagua. Familia inapohamia hotelini baada ya moto, hesabu ya vitanda hufanywa: baba, mama, watoto watatu. Bima nyingi za mali za nyumbani hulipia hoteli nyumba isipokalika. Je, kuna aliyewahi kuuliza kama mtu wa sita amehesabiwa?

Ipo pia njia ya pili ambayo dharura humdhulumu kijana, nayo haionekani kwa urahisi kwa sababu hatolewi nje. Anamezwa ndani. Mama amelazwa, baba anashinda hospitali, na zile saa 30 zinakuwa 60 bila mtu yeyote kutamka neno. Chumba chake anapewa bibi aliyewasili, naye anatandikiwa godoro katika chumba cha watoto. Na kwa kuwa analala na watoto, anaamka nao saa nane za usiku, ingawa kulala kwake hapo hakukuandikwa popote kuwa ni kazi. Akilalamika ataonekana hana utu. Nani anapima saa za kazi wakati mwenye nyumba yuko chumba cha wagonjwa mahututi?

Sisemi kijana asijitolee. Binadamu yeyote anayeishi na wenzake atampisha bibi kitanda kwa siku mbili tatu, na wengi wa vijana wetu wangefanya hivyo bila kuombwa, maana ndivyo tulivyolelewa. Tofauti iko kwenye kuombwa na kuamriwa, na iko kwenye kujua mwisho. Kitanda kilichotolewa kwa siku tatu ni msaada. Kilichochukuliwa kwa miezi mitatu, kwa posho ile ile, ni makato ya mshahara.

Mfano mkali kuliko yote hautoki Ulaya. Unatoka Lebanon, ambako wafanyakazi wa majumbani huishi chini ya mfumo wa kafala, unaofunga kibali cha mtu kukaa nchini kwa mwajiri mmoja. Mwezi Juni mwaka 2020, uchumi wa nchi hiyo ulipoporomoka na waajiri wakashindwa kulipa, wanawake wa Ethiopia waliteremshwa kwenye magari na mizigo yao mbele ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini Beirut, wakaachwa barabarani. Mwaka 2024, mashambulizi ya Israeli yalipozidi, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliripoti kwamba baadhi ya waajiri walikimbia na kuwaacha wafanyakazi wao nyuma, wengine wakiwa wamefungiwa ndani. Pitia tena sentensi hiyo ya mwisho. Nyumba ilikuwa hatari mno kwa wenyewe kulala humo, lakini haikuwa hatari mno kwa yaya kuilinda.

Beirut si Munich, na sipendi hoja zinazofanya dhuluma zote kuwa moja. Au pair ana bima, ana lugha kidogo, na kwa kawaida ana pasipoti yake mkononi. Hata hivyo jambo moja ni lile lile katika miji yote miwili: kitanda, kazi na uhalali wa kuwepo nchini vimefungwa kwa kamba moja, na mwenye kushika ncha ya kamba ni yule aliyepatwa na dharura.

Hapo ndipo inafaa tujitazame na sisi. Hesabu ile ya Marekani ina ndugu yake hapa nyumbani. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 iliweka kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kaya ya kawaida shilingi 120,000 kwa mwezi ikiwa halali kwa mwajiri, na shilingi 60,000 ikiwa analala hapo. Nusu nzima ya mshahara imegeuka kitanda na ugali. Halafu unatokea msiba. Ndugu wanawasili kutoka Songea na Bukoba, mikeka inatandikwa, na mtu wa kwanza kupoteza mahali pa kulala anajulikana hata kabla turubai halijafungwa: dada wa kazi. Atalala jikoni, au hatalala, kwa kuwa chai ya waombolezaji huanza kuchemshwa saa kumi alfajiri na vyombo vya usiku humalizwa kuoshwa saa sita. Arobaini ikipita na marehemu akiwa ndiye aliyekuwa akilipa mshahara, kikao cha ukoo kitajadili shamba, gari na ada za watoto. Yeye ataambiwa na shangazi mmoja, kwa upole kabisa, kwamba sasa hali imebadilika.

Na mafuriko? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Swali la nani alikuwa mwenye nyumba na nani alikuwa mpangaji lilileta maneno mengi. Msichana wa kazi aliyekuwa akilala sebuleni kwa mwajiri wake angejiandikisha kama nani?

Sheria yetu haiko kimya kabisa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri, mkataba ukikoma mahali pasipo pale mfanyakazi alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikotoka, na ampe fedha za kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Binti aliyeletwa kutoka Singida analindwa na maneno hayo sawasawa na mhandisi wa mgodi. Ni wangapi kati yetu, watumishi wa umma tunaowaamuru wengine wafuate sheria, tumewahi kukitumia kifungu hicho majumbani mwetu?

Kimataifa, Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unadai kwamba anayelala kwa mwajiri aishi mahali penye staha na faragha, na abaki na hati zake za safari. Pendekezo Namba 201 linalofuatana nao linakwenda mbali zaidi: chumba cha pekee chenye kitasa, na ufunguo apewe mfanyakazi, na mwajiri akimwachisha pasipo kosa kubwa, ampe ilani ya muda wa kutosha na nafasi ya kutafuta kazi na makazi mengine. Ni pendekezo, halimfungi mtu, lakini lina wazo ambalo mikataba ya au pair imelikosa, kwamba kumwachisha kazi mtu anayelala kwako ni kumnyima vitu viwili kwa mkupuo.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinaweza kuandikwa leo bila kusubiri bunge lolote. Kila mkataba wa kijana anayekwenda kuishi katika nyumba ya watu uwe na ibara moja inayosema kwamba nyumba isipokalika, au familia isipoweza kumweka, familia au wakala atamlipia malazi salama kwa wiki nne au hadi apate familia nyingine, lolote litakalotangulia, na posho itaendelea. Watajwe kwa jina watu wawili wanaoishi mji huo huo ambao atawapigia simu usiku. Nchini Marekani angalau kuna shirika lililodhamini viza ambalo haliwezi kudai halimjui. Ujerumani si lazima kupitia wakala, na kijana aliyeipata familia yake mwenyewe kwa kuandikiana mtandaoni hana wa kumgongea mlango. Huyo ndiye anayeihitaji ibara hii kuliko wote, na ndiye asiye na mtu wa kumwandikia.

Wanaharakati wamefanya kazi kubwa kuhusu pasipoti zinazonyang'anywa na mishahara isiyolipwa Uarabuni; waliongeze na hili. Maofisa wa ajira na wa balozi zetu, nanyi mnaokagua mikataba ya wanaosafiri, mna fomu zenye nafasi ya jina la mwajiri, anuani yake na simu yake. Chini ya hapo ongezeni mstari mmoja: anuani ya pili.