Usiku wa Joto na Ndoto: Tusimsingizie Jirani

Kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na pwani nzima hulalamika kwamba usiku haulaliki. Wengi huongeza kwamba wanaota mno, tena ndoto za kutisha. Wapo wanaoanza kuuliza ni nani aliyewatumia ndoto hizo. Sisi tunaona swali la kwanza lingekuwa hili: je, chumba kilikuwa na joto kiasi gani?

Ni vema ieleweke kwamba mwili haulali vizuri bila kupoa kidogo. Jioni damu huenda kwa wingi kwenye mikono na miguu ili joto la ndani lipate kutoka, na kufikia alfajiri joto hilo huwa limeshuka kwa karibu nyuzi 1. Chumba kikiwa cha moto na chenye unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi, nasi tunaamka mara kwa mara.

Ndoto zinaingiaje hapo? Mwaka 1953 wataalamu Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza kwamba aliyelala hupitia vipindi ambavyo macho yake hutembea upesi chini ya kope. Anayeamshwa katika kipindi hicho mara nyingi husimulia ndoto. Vipindi hivi hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Wakati huo mwili karibu huacha kujirekebishia joto: kutoka jasho na kutetemeka hupungua sana. Kwa hiyo joto kali au baridi kali huukatiza usingizi huo kwa urahisi, na mtu huamka ndoto ikingali mbichi kichwani. Aliyelala fofofo naye ameota, ila amesahau.

Hata jinamizi lina maelezo. Wakati wa ndoto misuli hulegea. Akili ikiamka kabla ya misuli, mtu hujiona amekabwa, hawezi kusogea wala kupiga kelele. Hali hiyo huwapata zaidi wenye usingizi wa kukatikakatika, nayo hupita yenyewe baada ya muda mfupi.

Tunayasema haya kwa sababu katika nchi yetu wazee wengi, hasa akina mama, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ndoto si ushahidi juu ya mtu yeyote. Mzazi anayemwambia mtoto, "Bibi yule ndiye aliyekukaba," anapanda chuki ambayo mwisho wake hataweza kuuzuia.

Basi tufanye nini? Tuoge kabla ya kulala, au walau tunawe miguu. Tuvae nguo nyepesi za pamba, na tufungue madirisha yenye wavu. Chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha joto: malaria huleta homa, na homa nayo huleta ndoto za kutisha. Mtoto anayeweweseka huku mwili unachemka apelekwe zahanati upesi, si kwa mpiga ramli. Wala asifunikwe mablanketi mazito.

Kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako Juni na Julai baridi ndiyo inayokatiza usingizi, tunashauri blanketi la kutosha na soksi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huweza kuua familia nzima ikiwa usingizini.

Asubuhi tukisimuliana ndoto zetu, tuulizane pia tumelalaje. Huenda dawa inayohitajika ni dirisha lililo wazi au blanketi la ziada, na jirani yetu akaendelea kuwa jirani.