Bi harusi, weka chini huo mkorogo

Leo nasema, na atakayenuna anune. Kila msimu wa harusi hapa Unguja ni yale yale: wiki mbili kabla ya nikaha, mwari anafungiwa ndani na kopo la mkorogo lisilo na jina, eti "atoke mweupe". Kwani bwana harusi kaposa rangi? Alikuona ulivyo, akaleta posa.

Makopo hayo mara nyingi yana zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hudhuru figo, na ukishika mimba humfikia mtoto. Steroidi huifanya ngozi nyembamba; ukiiacha, uso unaripuka.

Anza miezi mitatu kabla. Udhu peke yake unakuosha uso kutwa. Ongeza sabuni laini asubuhi na usiku, losheni ngozi ingali mbichi, na ukitoka paka ya kukinga jua, SPF 30, maana buibui halifuniki uso. Singo ya asumini, waridi na liwa, mara moja kwa wiki, taratibu. Si sufuria hiyo!

Na nyinyi masomo: kopo lina nini? Hamjui? Basi msimpake mtoto wa mwenzenu.