Usiandike "Iko Fresh" Kama Haijapimwa

Wauzaji wenzangu, hapa Kibiti ndiyo njia ya Mafia kupitia Nyamisati, so mitumba ya kuzamia inatufikia. Nilipata regulata mbili kuukuu, vile vifaa vya kupumulia chini ya maji: moja ya mipira miwili, mtindo wa Cousteau na Gagnan wa 1943, nyingine ya mpira mmoja. Nikapuliza, hewa ikapita, nikaposti "ziko fresh". Kijana akaja inbox: "Naweza kuzamia nayo kesho?" Nikafuta posti.

Kiwambo cha ndani kinaoza bila kuonekana nje, chumvi inakula springi. Kupuliza dukani siyo kipimo! Sasa naziba tundu la hewa, naosha kwa maji baridi, naanika kivulini, naandika "pambo tu, haijapimwa na fundi". Bei imeshuka nusu. Poa tu.