Walichezea Mizani, Sisi Tukapiga Vigelegele

Mwanao akipoteza alama 70 kati ya 100, Tanzania inamwambia amefaulu. Alama 30 ni D, na D ni pasi. Akipata 29 ni F, ameanguka. Rudia kusoma, ndugu yangu. Usiruke.

D mbili tu zinatosha. Masomo mengine yote apate F, bado ana daraja la nne, bado ana cheti, bado nyumbani panapikwa pilau.

Sasa niambie wewe mwenye duka hapa Mchafukoge, wewe wa Mtaa wa Libya, wewe unayeshusha mzigo Kariakoo kabla jua halijatoka: kijana wa dukani akikosea chenji mara 70 katika wateja 100, utampa cheti? Jioni hiyohiyo anarudi kwao! Mbona basi kwa mwanao unakubali?

Tulifikaje hapa? Usijifanye hukumbuki.

Tarehe 18 Februari 2013, Waziri wa Elimu, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa 240,903 walipata daraja la sifuri. Katika kila watoto kumi, sita walitoka mikono mitupu. Nchi ikalia. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akaunda tume. Tukasema haya, sasa tutapata dawa.

Dawa ikaja Mei. Matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya, yakatangazwa tena. Ufaulu ukaruka kutoka asilimia 34.5 hadi 43.

Hakuna mtoto aliyerudishwa darasani. Hakuna mwalimu aliyefundisha somo upya. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, watoto walewale. Kilichobadilika ni hesabu ya wakubwa.

Haikutosha. Oktoba mwaka huohuo wizara ikatuletea daraja la tano, ili sifuri ipate jina la heshima. Watu wakapiga kelele, serikali ikajikanyaga, sifuri ikabaki. Lakini mpaka wa D uliokuwa 35 ukashushwa hadi 30. Mwaka 2014 madaraja yakatupwa, tukapewa mfumo wa wastani wa alama, GPA, ambao wazazi wengi hawakuuelewa. Januari 2016 Profesa Joyce Ndalichako, ambaye ndiye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani matokeo yale ya sifuri yalipotoka, wakati huo akiwa waziri wa elimu, akaifuta GPA. Madaraja yakarudi.

Madaraja yalirudi. Alama 35 haikurudi. Uliuliza? Nani aliuliza?

Kariakoo nzima inamjua mtu wa Wakala wa Vipimo. Akikukuta umechezea mizani ya mchele, unalipa faini na jina lako linachafuka soko zima. Serikali hiyohiyo ilichezea mizani ya kupimia vichwa vya watoto wetu, nani alilipa faini? Kwenye mchele tunasema ni wizi. Kwenye mtoto tunasema ufaulu umeongezeka!

Na usidhani ugonjwa ulianzia kidato cha nne. Mwaka 2012 Hisabati ya darasa la saba ikageuzwa yote kuwa ya kuchagua na kusiliba. Mtoto asiyejua kugawanya alikuwa anafumba macho, anasiliba, anaomba Mungu. Akibahatika anakwenda sekondari, na huko anakuta Kiingereza kinamsubiri mlangoni baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili. Hapo hafundishwi tena, anakaririshwa. Badala ya kumnusuru, tukamshushia mpaka.

Na hata huo mpaka wa kuchuchumaa umewashinda watoto. Hisabati ya kidato cha nne, miaka hii ya karibuni, wanaofaulu hawafiki theluthi. Kwa alama 30! Tuushushe tena? Tufike 20? Tufike wapi ndipo tuone aibu?

Najua wapo watakaosema nina roho mbaya, kwamba mtoto akifelishwa anakata tamaa, anaacha shule, anaharibikiwa. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sijasema mtoto afukuzwe. Sijasema achapwe, wala atangazwe mtaani. Nasema aambiwe ukweli akiwa na miaka kumi, wakati bado kuna mwalimu wa kumkalisha chini, asingoje kuambiwa na dunia akiwa na ishirini. Huruma ni kumfundisha tena. Kumpa alama ambayo hakuipata ni kumtapeli.

Maana dunia haishushi mpaka. Kijana wako anakwenda kuomba kazi na cheti chake, mwajiri anakiweka pembeni, anampa karatasi: andika barua. Kalamu inatetemeka. Anakwenda kukopa mtaji wa kuuza nguo Mtaa wa Congo, anawekewa mkataba wa mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, anasaini asichokielewa, baada ya miezi michache wamebeba mpaka friji ya mama yake. Riba inahesabiwa kwa hesabu ileile tuliyomwambia ameifaulu.

Mwenye pesa haimuumi. Wa kwake yuko shule ya kulipia, akiteleza muhula mmoja mwalimu wa ziada yuko sebuleni jioni. Alama za bure ni zawadi ya maskini. Ndiyo maana ni rahisi kuzigawa.

Na wewe, msomaji wangu, umelala fofofo! Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo tulifunga maduka kwa ajili ya kodi na kamatakamata. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja mwenyewe, akakaa Mnazi Mmoja kutusikiliza. Tuliweza! Kwa mzigo wa vitenge tuliweza. Kwa watoto hatujafunga hata kibanda cha vocha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi acha kuficha. Leo usiku usimuulize mwanao kapata ngapi. Mpe gazeti asome kwa sauti, umsikilize. Mpe hesabu ya mauzo yako ya leo apige bila simu. Akishindwa, usimpige, si kosa lake peke yake. Kesho asubuhi chelewa kufungua duka, nenda shuleni, kaa mbele ya mwalimu mkuu, uliza swali moja: mtoto aliye chini ya nusu, mnamfanyia nini kabla ya mtihani?

Akikujibu kwa asilimia ya ufaulu wa shule, usinyanyuke. Mwambie hukuja kuuliza ya shule. Uliza tena. Na kikao cha wazazi kikiitishwa, njooni wengi, muulize kwa pamoja, mpaka jibu lifike wizarani. Mpaka huu umebaki chini kwa sababu hatukubisha. Tubishe!