Hijabu, rozari na sare ya kazini: Bosi anaweza kukukataza?

Pita Kihesa, Iringa, siku yoyote ya kazi. Kuna maduka ya dawa, saluni, migahawa ya wanafunzi, vituo vya mafuta na mawakala wa pesa za simu. Vijana wengi wa mji huu wanaanzia maisha sehemu kama hizi. Hakuna idara ya rasilimali watu wala kitabu cha kanuni. Kuna bosi na neno lake.

Hapo ndipo suala la dini huingia kimya kimya. "Ushungi utauvua ukikaa kaunta." "Hapa wasichana wote suruali." "Hizo rasta ukanyoe ndo uje." Anayesema hivyo huenda hana ubaya wowote, anawaza biashara yake. Anayeambiwa anawaza kodi ya chumba. Anatii huku moyo unamuuma, au anaondoka bila kumwambia mtu.

Sheria inasemaje? Jibu fupi ni hili: bosi ana haki ya kupanga sare. Lakini sare ikigusa imani ya mtu, lazima iwe na sababu ya kikazi. Na anayetakiwa kuithibitisha sababu hiyo ni bosi.

Kifungu cha kukumbuka ni cha 7

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuamini dini anayoitaka. Wengi tunaijua hiyo. Isiyojulikana sana ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi kadhaa, na dini imo. Kinasema ubaguzi unaweza kuwa wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja. Hayo maneno ya mwisho ni muhimu. Bosi akisema "sitaki Waislamu," huo ni wa moja kwa moja. Akisema "hakuna mtu kufunika kichwa hapa," kanuni inaonekana ya wote, lakini mzigo wake unaangukia watu wa imani fulani.

Vilevile kifungu hicho kinamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi. Kwa hiyo hata kwenye usaili, kabla hujaanza kazi, ulinzi upo.

Ila kuna mlango mmoja wa mwajiri. Si ubaguzi kama anachokitaka ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Mfanyakazi akionyesha dalili za awali kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha ama kwamba hakubagua, ama kwamba kazi ile kweli ilihitaji hivyo.

Hitaji la kazi au mazoea ya bosi?

Ugomvi wote uko hapa. Chukua karakana ya mbao, maana Iringa ni mkoa wa mbao. Mtandio unaoning'inia karibu na msumeno wa mashine ni hatari, na hapo bosi ana hoja. Hata hivyo hoja yake ni dhidi ya kitambaa kinachoning'inia. Ushungi uliobana, uliochomekwa vizuri, ni habari nyingine.

Sasa njoo dukani. Sababu inayotajwa sana ni "wateja hawatapenda." Lakini Juni na Julai, baridi ya Iringa ikikaza, nusu ya wauzaji wa Kihesa wamejifunga mitandio na kuvaa boshori mpaka masikioni. Hakuna mteja anayeacha kununua sukari kwa sababu hiyo. Kama kichwa kilichofunikwa kwa baridi hakiharibu biashara, kilichofunikwa kwa imani kinaiharibu vipi?

Angalia pia hospitali. Nchi hii imezoea masista wa Kikatoliki wanaohudumia wagonjwa wakiwa na shela kichwani, na hatujawahi kuliona hilo kama tatizo. Kwa hiyo hospitali ikimwambia muuguzi Mwislamu kwamba kufunika nywele hakuendani na uuguzi, itakuwa na kazi ngumu ya kueleza.

Na usidhani suala hili ni la Waislamu tu. Dada mlokole ambaye imani yake haimruhusu kuvaa suruali anaweza kukwama kituo cha mafuta. Mkatoliki mwenye rozari shingoni na Mrasta mwenye nywele zake wanaweza kukutana na swali hilohilo. Ukimtetea mmoja, unakuwa umemtetea mwenzake.

Wenzetu walifikaje mahakamani

Uamuzi wa nje hauzifungi mahakama zetu, lakini unasaidia kufikiri. Tarehe 15 Januari 2013, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu iliyowahusu wanawake wawili wa Uingereza waliokatazwa kuvaa msalaba kazini. Nadia Eweida wa shirika la ndege la British Airways alishinda. Mahakama ilisema kampuni ina haki ya kulinda sura yake, ila sura hiyo ilipewa uzito kupita kiasi mbele ya msalaba mdogo. Shirley Chaplin, muuguzi, alishindwa, kwa sababu hospitali ilieleza kwamba mkufu ungeweza kuvutwa na mgonjwa au kugusa kidonda. Msalaba ni uleule. Kilichotofautiana ni sababu.

Marekani, mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 kwa 1 dhidi ya duka la nguo la Abercrombie & Fitch, lililomkataa binti Mwislamu aliyekwenda kwenye usaili na hijabu.

Si kila mahakama inafuata njia hiyo. Mwaka 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kampuni inaweza kukataza alama zote za dini, siasa na falsafa, mradi kanuni itekelezwe kwa wote. Lakini hata hapo bosi hawezi kufumbia macho msalaba kisha akabana hijabu.

Jirani zetu Kenya walikuwa na kesi ya hijabu katika shule moja ya Isiolo. Mahakama ya Rufani iliiruhusu mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, hasa kwa sababu ombi lenyewe halikuletwa kwa utaratibu sahihi. Ilikuwa kesi ya shule, lakini hata mfanyakazi ana la kujifunza: haki inaweza kukuponyoka kwa sababu ya namna ulivyoidai.

Kwa hiyo ufanye nini?

Kwanza, uliza mapema na kwa adabu: "Bosi, kanuni hii ni kwa ajili ya nini?" Kama ni usalama au usafi, pendekeza njia: ushungi mfupi wa rangi ya sare, sketi ndefu ya kitambaa kilekile, rozari ndani ya shati. Shule zetu za serikali zina wasichana wanaovaa hijabu pamoja na sare, na sare imebaki kuwa sare. Kazini inashindikana nini?

Pili, dai maandishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Asipoyatoa na mkafika mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unamrudia yeye. Kama kanuni ya mavazi imetolewa kwa mdomo, mwandikie ujumbe wa simu kuthibitisha mlichoongea, na usiufute.

Tatu, hesabu siku. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine, ukiwemo wa kukataliwa kwenye usaili, ni siku 60. Tume inaanza na usuluhishi, kwa hiyo kwenda kule si lazima kuwe kutangaza vita.

Nawe bosi unayesoma hapa, jiulize swali hilohilo kabla hujamkataza mtu. Kama unaweza kueleza kanuni yako inalinda nini, iandike na uiweke wazi kwa wote. Ukikosa cha kueleza zaidi ya "mimi sipendi tu," basi hiyo bado ni ladha yako, na ladha si hitaji la kazi. Unaweza kujikuta unampoteza mtu anayejua kuuza, kuhesabu na kuwahi kazini, eti kwa sababu ya mita moja ya kitambaa.