Vizibo sawa, muziki hapana

Tusichanganye mambo mawili. Vizibo vya masikio vya sponji vinapunguza kelele ya upepo, na anayekimbiza pikipiki barabara ya Nakuru anavihitaji. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 huhesabiwa kuwa kikomo cha usalama wa masikio, na kwa mwendo wa kasi upepo ndani ya helmeti hupita hapo. Honi bado ataisikia.

Iafoni zenye muziki ni jambo lingine kabisa, hasa mtaani kwetu Gatwekera. Ukishatoka mtaa wa Olympic kushuka huku, njia ni nyembamba, watoto wanachomoka kati ya mabati, mama ameinamia karai la samaki pale pale kando. Mwendo ni mdogo, upepo haupo. Sikio ndilo linalokuambia nani yuko nyuma ya kona. Na reli je? Treni inapita katikati ya nyumba, watu wanavuka popote, na onyo lenyewe ni honi.

Juzi nilibebwa na kijana wa bodaboda aliyeziba masikio yote mawili kwa iafoni. Nilimgonga bega mara kadhaa kabla hajajua nataka kushuka. Viongozi wa stegi za bodaboda, muziki masikioni mnaweza kuukataza leo, bila kungoja polisi.